Bondia wa Ridhaa na Katoni Kumi za Sabuni

Siku hizi nikiwasha televisheni nikamwona mchezaji amebandikwa jina la kampuni kifuani, lingine mgongoni, lingine kwenye soksi, huwa napiga kelele peke yangu sebuleni. Wajukuu hudhani nashangilia. Sishangilii, natukana. Wachezaji siwatukani, wao wanakula jasho lao na wale wanenepe. Nawatukana wale walioniambia, Kampala, miaka ya serikali ya jeshi, kwamba mchezo ukiguswa na pesa unanajisika. Waliniambia uso kwa uso, mtoto akiwa mgongoni kwangu.

Mume wangu alikuwa askari polisi na bondia. Mtu wa kaskazini, mrefu, ulingoni hana huruma, lakini nyumbani alishindwa hata kuchinja kuku, kazi hiyo ilikuwa yangu. Mimi ni Mkenya, mtoto wa kota za reli. Nilikuja Kampala kumsaidia dada yangu aliyekuwa na cherehani mbili Kamwokya. Siku moja huyu askari akaleta suruali ipunguzwe kiuno. Akairudisha wiki iliyofuata ipunguzwe tena. Mara ya tatu nikamwambia, afande, hiki kiuno kimekwisha, sema shida yako. Akasema. Tukafunga ndoa, tukahamia kota za polisi, kwenye safu ya vyumba inayotazama mlima wa Makindye. Makindye kulikuwa na kambi ya jeshi yenye jela, na wengi walioingizwa humo hawakurudi, kwa hiyo tulizoea kutazama upande mwingine.

Kuta za vyumba vile hazikufika juu. Jirani akipiga chafya, wewe unasema pole ukiwa kitandani kwako. Na bidhaa zilikuwa zimekwisha mjini. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa yalikuwa yamegawiwa watu wenye jamaa serikalini, tukiwaita mafutamingi. Waliuza kilichokuwa rafuni, na kilipokwisha hawakujua kinaagizwa wapi. Sukari ikapotea. Chumvi ikapotea. Sabuni ndiyo usiseme! Tulifua kwa majani ya mpapai na majivu, na mwenye bahati ya kupata mche mmoja wa sabuni aliukata kwa uzi vipande vyembamba hata ukikishika kimoja unaona mwanga upande wa pili.

Sasa, kota zilikuwa na desturi yake. Mtu akipata kitu, anagawa mlango kwa mlango. Kipande cha sabuni, kikombe cha chumvi, chochote. Usidhani ulikuwa ukarimu mtupu. Aliyekula na wewe hawezi kukusema, na siku ukiulizwa kitu kimetoka wapi, safu nzima inajibu kwa sauti moja. Wenyeji wa kota walilijua hilo tangu zamani. Mimi nililijua pia, lakini nilijiona nina akili kuliko wao.

Mwaka huo mume wangu akachaguliwa kwenye timu ya taifa, kwenda ng'ambo kwenye mashindano makubwa ya kimataifa. Lo! Alirudi nyumbani akanizungusha mpaka kilemba kikaanguka. Alikuwa amefika umri ambao makocha huanza kukuita mzee kwa utani, halafu bila utani. Ama aende safari hii, ama asiende tena. Na akifanya vizuri angevishwa usajini, tukapewa nyumba ya vyumba viwili yenye bomba lake. Kila kitu chetu kilisimama juu ya safari ile.

Lakini kulikuwa na sheria. Ndondi zao ziliitwa za ridhaa, maana yake unapigana kwa kupenda. Bondia wa ridhaa hapokei hata senti, wala zawadi ya kampuni kwa ajili ya jina lake. Akipokea, anafungiwa maisha. Alinieleza hayo akiloweka mikono iliyovimba kwenye maji ya chumvi, chumvi ya kuazima. Nikamuuliza, na wanaouza tiketi za mlangoni, nao wanauza kwa kupenda? Akacheka. Yeye alikuwa mtu wa kucheka.

Wiki chache kabla ya safari, akaja pale wanapofanyia mazoezi bwana mmoja wa matangazo kutoka kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilikuwa kimeshaangukia mikononi mwa mafutamingi, kinatoa sabuni kidogo kwa taabu, na kidogo hicho kinapotea kabla hakijafika sokoni. Lakini walitaka picha: bondia wa taifa, glavu moja mkononi, mche wa sabuni begani. Yule bwana akasema, "Pesa hatukupi, tutakuharibia. Lakini sabuni siyo pesa." Mume wangu akaona maneno yamenyooka. Akapigwa picha.

Mimi ndiye niliyedai barua. Nilisema, sabuni bila karatasi katika mji huu ni jela, au zaidi ya jela, maana adhabu ya kuficha bidhaa tulikuwa tumeisikia redioni na haikuwa faini. Basi mchana mmoja gari la kiwanda likaleta katoni kumi, na barua yenye mhuri: tumempa bwana fulani sabuni hii kwa shukrani ya picha yake itakayotumika katika matangazo yetu. Nikaikunja, nikaitia chini ya kopo la unga. Niliona nimetulinda.

Jioni hiyo mume wangu alikuwa akienda kambini na timu, na wakishaingia kambini hawarudi nyumbani mpaka safari. Akiwa na begi begani akaniambia, "Mama watoto, katoni mbili za mama yangu usiguse. Nyingine anza kugawa, mlango kwa mlango, kama kawaida."

Nikasema nitagawa. Akaondoka. Nikakaa kitandani juu ya zile katoni, nikaanza kufikiri, na ole wangu mimi na kufikiri kwangu. Nikigawa, safu nzima itajua bondia amelipwa sabuni. Wanawake watazungumza bombani, waume zao watasikia, chama cha ndondi kitasikia, na safari imekwenda. Nisipogawa, nani atajua? Nikafunika kitanda kwa blanketi mpaka sakafuni, nikanyamaza.

Haki ya Mungu, nilisahau harufu! Katoni kumi za sabuni mpya, katika nyumba yenye ukuta usiofika juu, katika mji unaonuka majivu. Siku ya tatu jirani yangu, mke wa koplo, mwanamke tuliyekuwa tukipika naye jiko moja, akaniambia huku akigeuza muhogo, "Dada, kwako kunanukia kama kwa bibi arusi."

Nikamjibu, "Ni kipande cha mtoto tu, alitumiwa na shangazi yake."

Aligeuza muhogo wake, akaipua, akaingia ndani. Ningemkatia mche mmoja pale pale, nusu mche, hadithi hii nisingekuwa nayo. Sikumkatia. Nilikwenda kunawa mikono kwa maji matupu ili aone sina.

Wiki haikupita. Saa nne za asubuhi, jua kali, nimeanika nepi, Landrova ya jeshi ikasimama mbele ya safu. Wakashuka wanajeshi watatu na sajini wao, wakaja moja kwa moja mlangoni kwangu kama watu walioelekezwa. Milango yote ya safu ikafungwa, tap tap tap, mpaka wa mwisho.

"Hapa iko magendo," sajini akasema.

"Hapana afande, hapa ni kwa polisi. Mume wangu ni bondia."

"Wewe nasema kama mtu ya Kenya."

Nikasema mimi ni mke wa Mganda. Mmoja akainua blanketi kwa mtutu wa bunduki, na katoni zikaonekana zote zimejipanga, jina la kiwanda likitutazama. Sajini akapiga mluzi. "Mama, hii sabuni yote natoka wapi? Napeleka Kenya?"

Ndugu zangu, miaka ile Kenya na Uganda zilikuwa zikitazamana vibaya, na Mkenya aliyepandishwa gari kama lile hakuwa na wa kumuulizia. Mtoto alikuwa akilia mgongoni. Mkubwa, wa miaka minne, alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono miwili. Na barua ilikuwa chini ya kopo la unga, hatua mbili kutoka nilipo. Nikiitoa, napona mimi, lakini ndiyo hiyo hiyo inayosema bondia amelipwa. Nisipoitoa, safari ya mume wangu iko salama na mimi naenda Makindye. Ningependa kusema nilisita sana. Sikusita. Niliogopa, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo.

Sajini aliisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina, uso wote ukabadilika. "Banange! Huyu ni bingwa yetu!" Akanishika mkono, akanipongeza, akawaambia vijana wake kwamba alimwona akimwangusha mtu raundi ya kwanza. Halafu wakapakia katoni nne kwenye gari, za uchunguzi. Na barua akaitia mfukoni. "Hii mimi napeleka chama ya ndondi, wao nathibitisha. Usiogope, mama."

Usiogope! Landrova ilipoondoka, milango ikafunguliwa mmoja mmoja, kila mtu ametoka na ufagio. Hakuna aliyeniuliza kitu. Jirani yangu alifagia hadi kwenye mpaka wa kibaraza chake akaishia hapo hapo.

Siku mbili zile sikutulia mahali. Naenda bombani nasahau ndoo. Naweka sufuria jikoni bila maji. Nilikuwa nikitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, mpaka mtoto mkubwa naye akaanza kutembea nyuma yangu. Siku ya tatu nikamfunga mdogo mgongoni, nikamwacha mkubwa kwa dada, nikapanda kwa miguu mpaka Nakasero, kwenye ofisi ya chama.

Katibu wa chama alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa amevaa suti mpya ya michezo yenye alama ya kampuni ya viatu ya ng'ambo, na saa ya mkononi kubwa. Ukutani kwake zilipangwa mpaka dirishani kofia, mabegi, viatu, vyote vyenye alama. Nikasimama katikati ya duka lile nikaeleza. Aliniacha nimalize, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yetu.

"Mama," akasema, "mchezo wa ridhaa ni mchezo safi. Pesa ikiingia, unanajisika."

"Na hivi ni nini?" nikamuuliza, nikiuonyesha ukuta wote kwa mkono.

"Hivi ni vya wadhamini. Chama kinaruhusiwa kupokea. Mchezaji haruhusiwi."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nikamwambia, bwana mkubwa, anayepigwa ngumi ni chama? Pua iliyovunjika mara mbili ni ya chama? Mimi ndiye ninayemkanda mbavu kwa maji ya moto, sijaona chama kikileta hata kuni! Mtoto mgongoni akaamka akapiga kelele, tukawa wawili. Katibu hakukasirika. Alingoja tuchoke. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Zimebaki katoni ngapi?"

Nikaelewa. Nikasema sita.

"Basi hizo ni mali ya chama, mchezaji hawezi kuwa nazo. Gari litakuja kuzichukua mchana. Na barua hii sikuiona." Akanisogezea barua, kibiriti na kisahani cha majivu ya sigara. "Ichome mwenyewe, roho yako itulie. Na mumeo usimwambie. Bondia akipanda ulingoni na mawazo anaumia vibaya. Wewe ndiye utakuwa umemuumiza."

Niliichoma. Nataka niseme kweli: niliichoma kwa furaha. Nililitazama jina la mume wangu likijikunja na kuwa jeusi, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Landrova. Nilishuka Nakasero nikiimba.

Timu ilipoondoka tuliruhusiwa kuwaaga langoni mwa kambi. Alikuwa amekonda vizuri, macho yanang'aa. "Sabuni iko?" akauliza. Nikasema iko. "Umegawa?" Nikasema nimegawa. Nikamtengeneza kola, nikijiambia akirudi nitamweleza yote na atacheka, si yeye ni mtu wa kucheka.

Alipokuwa huko, picha zake zikabandikwa mjini. Soko la Nakasero kulikuwa na moja kubwa: mume wangu, glavu, mche wa sabuni begani. Chini pameandikwa kwamba ni kwa idhini ya chama. Wanawake walikuwa wakisimama mbele yake na vikapu vitupu, na mmoja akasema kwa sauti, huyu lazima anaoga mara tatu kwa siku. Wote wakacheka. Mimi nilinunua nyanya zangu nikaondoka.

Alishinda mapambano mawili akashindwa la tatu kwa pointi. Bila medali. Usajini wakampa mwingine, na nyumba yenye bomba pia. Lakini alirudi hajakasirika, amejaa hadithi. Alisema ulingo wenyewe ulikuwa umezungukwa na mabango: soda, saa, sigara. Alisema alipopigwa konde akaenda chini, kitu cha kwanza alichokiona ni jina la soda, na refa alipokuwa akihesabu yeye alikuwa akilisoma. Tulicheka mpaka machozi. Halafu akapiga goti kutafuta sabuni aogee, akainua blanketi.

"Mama watoto, ziko wapi za mama yangu?"

Nikamweleza yote tangu harufu mpaka kibiriti. Nilieleza haraka haraka, maneno yakikanyagana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi yanavyofanana na uongo. Alinisikiliza akiwa bado amepiga goti.

"Barua iko wapi?"

"Nilichoma."

"Ulichoma wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akatoka, akaenda mlango wa pili. Kwa juu ya ukuta nilisikia kila neno. Akamuuliza mke wa koplo kama wanajeshi walikuja. "Mimi sikuona kitu, shemeji," akasema. Na simlaumu sana, siku zile hakuna aliyeona kitu. Mtu wa kusema nimeona alikuwa yule aliyekula na wewe. Kisha akaongeza, "Niliona tu kaka yake wa Kenya akiondoka na mzigo." Na hiyo ilikuwa kweli. Kaka yangu alipita mwezi ule na vitambaa vyake, akarudi navyo, hakupata mnunuzi.

Kesho yake alikwenda kwa katibu. Katibu alimshika bega, akamwambia, "Sabuni gani, bwana? Mchezaji wa ridhaa hapokei kitu. Lakini wake zetu hawa, tuwavumilie."

Akarudi akakaa mlangoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona, kelele nazijua. Alisema tu, "Ungeniambia umeuza. Au umewapelekea ndugu zako. Ningekasirika siku moja, halafu ningesahau. Hii ya kunitungia hadithi na wanajeshi na katibu ndiyo inaniuma."

Nikaapa. Kwa mama yangu, kwa watoto, kwa Biblia. Wiki nzima niliapa, na wiki nzima alikula chakula changu bila kuinua macho. Usiku mmoja hakuugusa ugali kabisa, na niliona watoto wanatutazama mmoja baada ya mwingine. Nikachoka. Nikasema, "Basi. Niliziuza. Nisamehe."

Aliinua kichwa. Akashusha pumzi ndefu, uso ukamfunguka, akawa tena yule mtu wa suruali. Akanivuta karibu, akasema imekwisha, tusiongee tena habari za sabuni. Na kweli hakuongea tena, miaka yote tuliyoishi mpaka nilipomzika. Alinisamehe kabisa, kwa moyo mweupe. Mimi hilo la kunisamehe sijamsamehe.